Mudogo Wangu Hakujibu

Nilirudi Bunia mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaanza, na nilipofika kartye, yaani mtaa, wa Lumumba nikamwomba dereva wa pikipiki anishushe. Alidhani nimeangusha kitu njiani. Hapana, rafiki yangu, nilikuwa nimesikia kitu. Nyuma ya ukuta wa matofali mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma, ule mngurumo mzito unaoanzia kwenye nyayo kabla ya kufika masikioni, na vumbi jeupe la muhogo lilikuwa limelala juu ya majani ya migomba, juu ya paa, hata juu ya kope za wanawake waliokuwa wakingoja zamu yao. Nikasimama pale na mfuko wangu begani mpaka mwenye mashine akatoka kuniuliza nimeleta nini cha kusaga. Nikamwambia sikuleta kitu, nasikiliza tu. Akanitazama kidogo, akarudi ndani.

Baba yangu alikuwa na mashine kama ile, kartye hiyohiyo, kabla ya vita. Nyumbani kwetu kulikuwa Bigo, kartye nyingine ya Bunia, nyumba ya matofali ya udongo yenye mabati, na uwanja ambao Tate aliufagia kila asubuhi mpaka ukawa mgumu kama sementi. Tate ni nyanya yetu, mama yake Baba; kwetu wazee tunawaita hivyo. Ukiniuliza utoto wangu ulinukia nini, nitakwambia ulinukia moshi wa mkaratusi na sombe, majani ya muhogo, linalochemka polepole, na sombe lile ni mimi niliyelitwanga, na mikono yangu ilibaki na rangi ya kijani mpaka siku ya pili shuleni. Asubuhi tulikunywa chai ya mchaichai na kiazi kitamu kilicholala kwenye majivu. Msimu wa maparachichi ulipofika tulikula avoka mpaka tukazikimbia. Halafu kulikuwa na vumbi jekundu, lile vumbi la Bunia linaloingia mpaka ndani ya sanduku lililofungwa, na maji ya kuteka chini bondeni, na kurudi kilimani bidoni, dumu la maji, ikikuminya kichwa.

Mudogo wangu alizaliwa wakati mimi mwenyewe bado nina meno ya utoto. Hivyo ndivyo nilivyomwita, mudogo wangu, na hapa nitaendelea kumwita hivyo. Alikuwa mtoto mzuri wa sura, mwenye kope ndefu ambazo wanawake wa kartye walizionea wivu. Alitembea mapema. Lakini alipofika umri ambao watoto wa majirani walikuwa wakiita mama zao na kuomba mandazi, yeye hakusema kitu. Na hakuwa kiziwi, maana alisikia mtu akimenya ndizi akiwa chumba cha pili. Alikuwa na sauti yake moja, mmm ndefu, aliyoitoa akifurahi, na kilio chake cha kuchana masikio, alichokitoa akiumizwa na kelele. Hakututazama usoni. Alikaa kizingitini na punje za mahindi, nyeupe huku, za njano huku, na ole wako ukipita ukazipiga teke.

Akitaka kitu, alikuja akakushika mkono. Haikujalisha mkono wa nani, wa Mama, wangu au wa mgeni aliyekuja kusalimia. Aliuchukua ule uliokuwa karibu, akaupeleka mpaka juu ya kitu chenyewe, akauacha pale, kama mtu anayeweka ufunguo kwenye kufuli. Hapo ulijua la kufanya: fungua, mimina, shusha. Wageni walicheka. Sisi tulikuwa tumezoea.

Leo najua neno lake, usonji, na najua kuwa wako watoto wa namna yake duniani kote. Wakati ule hakuna aliyetupa neno hilo. Muuguzi wa dispanseri alimtazama masikio, akamtazama ulimi, akatuambia kwa upole kwamba haoni ugonjwa. Watu wengine walikuwa na majibu mengi zaidi. Jirani yetu mshonaji, ambaye cherehani yake ilikaa barazani na ambaye alitupenda kweli, alimwambia Mama siku moja huku akikata uzi kwa meno: "Mama, ile mutoto haiko yake mwenyewe, iko na pepo. Mumupeleke kwa nyumba ya maombi, bamuombee."

Mama alikwenda. Ni mtu asiyependa kubishana na watu, Mama yangu, na alikuwa amechoka. Kule aliwakuta watoto wameketi sakafuni, midomo imekauka, kwa sababu walikuwa wamenyimwa chakula na maji mpaka pepo atoke. Alivua kitenge chake cha juu, akamfunga mudogo wangu mgongoni, ingawa miguu yake mirefu ilikuwa ikimpiga magotini, akarudi naye Bigo akipita katikati ya barabara watu wakitazama. Tate alikuwa kwenye kinu. Mama akamwambia, "Huyu iko mutoto wangu. Kule harudi tena." Na Tate akasema, "Haiko na shetani. Iko na masikio kupita siye." Tangu siku ile jambo hilo halikuzungumzwa tena kwetu.

Tate ndiye aliyepata njia. Alichukua kamba ya katani, akaitundika kwenye mlango wa jikoni, na juu yake akafunga vitu: kikombe cha bati, kipande cha taulo, kifuko cha unga, kipande cha kitenge. Asubuhi alimwekea mudogo wangu kitu mkononi kabla jambo halijafika. Taulo maana yake kuoga, na kifuko cha unga maana yake tunakwenda kwa Baba, kwenye mashine. Ilichukua muda mrefu, na kuna siku vitu vyote viliruka mpaka kwenye mtaro. Lakini polepole vilio vya asubuhi vilipungua, na siku moja yeye mwenyewe alikwenda mlangoni, akakifungua kifuko cha unga kwenye kamba, akampelekea Tate. Tate aliacha sufuria motoni, akavaa kandambili zake, wakaondoka wawili. Tulikula chakula kimeungua siku ile na hakuna aliyenung'unika.

Mashine aliipenda kuliko kitu chochote. Alikaa nje, nyuma, akaweka viganja vyake vyote viwili ukutani na paji la uso pia, na ule mtetemo ulimtuliza mpaka macho yakalegea. Wateja walijifunza kumpita bila kumgusa. Kuna mama mmoja muuza unga aliyemwita "sentineli", mlinzi wa mashine, na jina hilo likashika.

Kisha vita vikaja. Wewe uliyekuwepo huhitaji kuelezwa, na wewe ambaye hukuwepo sitakuchosha. Nitakwambia tu kwamba Baba alitoka upande mmoja na Mama akatoka upande wa pili, na kwamba kabla ya hapo sikuwahi kujua kuwa kuna pande. Nilijua tu kwamba kwa wajomba zangu tulikunywa maziwa na kwa baba zangu wadogo tulikula asali. Ghafla wajomba wakaacha kuja. Baba wadogo nao wakaacha kuja. Mji ulichukuliwa na hawa, ukachukuliwa na wale, na kila aliyeuchukua alikuwa na sababu ya kuiangalia vibaya nyumba yetu.

Milio ya risasi ilimuumiza mudogo wangu kama vile kila moja imempata yeye. Aliingia chini ya kitanda, akajipiga kichwa chini mpaka tukaweka godoro. Ndipo Baba akafanya jambo ambalo watu wa Lumumba walilizungumzia kwa muda mrefu. Mchana wakipigana upande wa uwanja wa ndege, alimbeba mwanawe mpaka kwenye mashine, akaitia mazutu, mafuta ya dizeli, kidogo aliyobaki nayo, akaiwasha bila punje ndani yake. Ikanguruma bure. Mtu yeyote wa kazi ile atakwambia ni kuua mawe ya kusagia. Mudogo wangu aliweka viganja ukutani, na kwa muda wote mazutu yalipodumu hakusikia vita. Wapita njia walisema mwenye mashine amepata wazimu. Baba alikaa pembeni yake kwenye gunia tupu, mikono magotini, akimtazama.

Mtu mmoja aliyempenda Baba alipita akamwambia tuondoke, kwamba wiki hiyo jina la nyumba yetu lilitajwa pahali pabaya. Tukaondoka asubuhi. Tate alitafuta kwenye kamba yake kitu cha kumpa mudogo wangu ambacho maana yake ni kuondoka, na hakikuwapo. Basi akaichukua kamba yote, akaivaa shingoni kama mkufu, kikombe kikigongana na kifuko, akamshika mkono. Na yeye, alipoona vitu vyake vinatembea, akavifuata.

Barabara ya Komanda ilijaa watu. Kulikuwa na magodoro juu ya vichwa, mbuzi, baiskeli zilizobeba wazee, masufuria, kuku miguu juu. Mvua iliponyesha tulikuwa matope, ilipokatika tulikuwa moshi. Tulikula muhogo mbichi na ndizi tulizookota. Nilibeba bidoni ndogo ya manjano ambayo Baba alikuwa ameifunga kifuniko kwa mpira wa baiskeli ili isimwagike. Na Baba alitufundisha la kusema. Kwa mtu yeyote, Kiswahili tu. Tumetoka Kilo, kwa wachimba dhahabu, kule ambako watu wamechanganyika kutoka kila mahali. Lugha ya Baba tuisahau, lugha ya Mama tuisahau. Nilirudia moyoni nikitembea, tumetoka Kilo, tumetoka Kilo.

Kizuizi kilikuwa mti uliolazwa katikati ya barabara, baada ya kona. Sitakwambia wapiganaji wale walikuwa wa upande gani. Kwenye barabara ile kila upande ulikuwa na barieri yake, na swali lilikuwa lilelile. Waliwatoa watu pembeni familia kwa familia. Wengine walipita. Wengine walipelekwa kwenye majani marefu nyuma ya nyumba ya matofali iliyobomoka, na hatukuwaona wakirudi.

Zamu yetu ilipofika, Baba alisema maneno yake, Kilo, wachimba dhahabu. Yule mkubwa wao, mtu mzima mwenye koti la mvua, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hata Kilo batu iko na kabila yabo," akasema. Kisha akatutazama sisi wadogo. "Mutoto hadanganyake."

Alikuwa na akili yule mtu. Alijua kuwa mkubwa anaweza kuficha lugha yake, lakini mtoto akisalimiwa kwa lugha ya nyumbani mdomo unafunguka wenyewe. Lau angenichagua mimi, sijui hata leo ni nini kingetoka kinywani mwangu. Hakunichagua. Alichagua mdogo zaidi. Akachuchumaa mbele ya mudogo wangu, bunduki magotini, akamsalimu kwa lugha ya Mama, kwa sauti tamu, kama mjomba. Mudogo wangu alikuwa akitazama majani. Akamsalimu kwa lugha ya Baba. Mudogo wangu aliendelea kutazama majani. Mkono wa Tate ulikuwa juu ya bega lake na niliona kikombe kile cha bati kikitetemeka kifuani mwa Tate, kikitoa sauti ndogo.

"Juu ya nini hasemi? Mulimukataza?"

"Hasemake, shefu," Mama akajibu. "Tangu nilimuzala, hasemake."

"Batu bote iko nasema hivyo leo. Nitamusemesha miye."

Akasimama. Akaishika bunduki vizuri na kuielekeza juu, na nilielewa kuwa anataka kufyatua karibu na sikio la mtoto ili aone atalia kwa lugha gani. Mama akapiga hatua mbele na mwingine akamzuia kwa kitako cha silaha. Na hapo, kabla sijafumba macho, mudogo wangu akanyoosha mkono, akaushika ule mkono wa yule mtu uliokuwa huru, akauvuta. Hakumtazama usoni. Aliuvuta mpaka kwenye bidoni niliyobeba mimi, akauweka juu ya kifuniko, akauacha pale.

Yule mtu alikuwa amesimama mbele yangu, kiganja chake kikubwa juu ya bidoni yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya tumbaku kwenye koti lake. Alingoja aelezwe. Mudogo wangu naye alingoja. Kisha, kwa kuwa hakuna kilichofanyika, akauchukua tena ule mkono, akaunyanyua kidogo, akauweka palepale kwenye kifuniko, kwa uvumilivu, kama mtu anayemrudia mwanafunzi mzito.

Mpira ule wa baiskeli hauwezi kufunguliwa kwa mkono mmoja. Yule mtu akaitundika bunduki begani. Akakunjua mpira, akafungua kifuniko. Tate alikuwa ameshatoa kikombe kwenye kamba, akakinyoosha, na yule mtu akamimina. Mudogo wangu akanywa, akamaliza, akauchukua mkono ule mara nyingine aongezewe. Mmoja wa wapiganaji waliokuwa nyuma akacheka. Yule wa koti la mvua hakucheka. Alimimina tena, akamtazama akinywa.

"Kwetu iko mumoja ya namna hii," akasema taratibu, si kwetu, labda kwa nafsi yake. "Mutoto ya dada yangu."

Akafunga kifuniko, akauzungusha mpira kama alivyoukuta. Akatoa ishara kwa kidole. "Mupite."

Tukauruka ule mti. Tulitembea bila kugeuka mpaka barabara ikapinda, na hapo Baba akakaa kwenye matope, akajifunika uso. Mama yeye alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtiririka, akamkumbatia mudogo wangu, ambaye hapendi kukumbatiwa na alijinasua haraka, na hilo nalo likamchekesha. Watu waliokuwa wakitupita walidhani tumerukwa na akili, familia nzima, sisi na matope yetu, tukicheka na kulia kandokando ya msitu.

Tulifika Beni, tukapokewa na familia moja ya Kanisa iliyotupa banda lao la kahawa. Habari ilitutangulia. Siku ya Jumapili watu walikuja kumwona mtoto ambaye Mungu alimfunga kinywa ili aokoe wazazi wake. Wengine walitaka kumgusa kichwa. Walikuwa watu walewale, rafiki yangu, namaanisha watu wa namna ileile, ambao mwaka uliopita wangesema ana pepo. Tate aliwatoa wote barazani. "Mutoto alikuwa na kiu," aliwaambia. "Alitaka maji, alipata maji. Munataka muujiza, mutafute kwingine." Alikuwa akiumia akisikia mjukuu wake akigeuzwa kuwa kitu kingine, kiwe cha kuogopwa au cha kuabudiwa. Akarudi kutundika kamba yake mlangoni mwa banda, na kesho yake asubuhi akamwekea taulo mkononi kama kawaida.

Vita vilipotulia tulirudi. Kwenye njiapanda walisimama askari wa kofia za bluu, na wanawake walikuwa wameshapanga nyanya zao chini kana kwamba hawakuwahi kuondoka. Nyumba ya Bigo ilikuwa kuta tu. Mabati yamekwenda, milango imekwenda, majani yameota sebuleni mpaka kiunoni. Kwenye mashine ilibaki sementi ya chini na boliti zake nne zikiwa na kutu. Mudogo wangu aliweka viganja ukutani, akangoja. Akaondoa, akaweka tena. Lilikuwa jambo la kwanza lililomliza Baba baada ya kurudi.

Na kisha siku moja mjomba, kaka yake Mama, ambaye hakuwa amekanyaga kwetu tangu mambo yaanze, alitokea akisukuma mkokoteni. Juu yake kulikuwa na mota ya zamani na mawe ya kinu cha kahawa, vimefunikwa kwa gunia. Hakutoa hotuba. Alisema mota hii haina kazi kwake. Wakaifunga yeye na Baba, wakigombana kuhusu mkanda, mikono yao myeusi kwa grisi, na ilipoanza kunguruma mudogo wangu alitokea Bigo mbio, peke yake, njia nzima, akaja kubandika paji lake la uso ukutani na kutoa ile mmm yake. Mjomba akageuka upande, akasema moshi umemwingia machoni.

Ilibaki shule. Watoto wote wa kartye walikuwa wakirudi shule, hata wale wenye ndevu zinazoanza, na Mama alisema wake pia watakwenda. Shule ya kwanza ilikataa, atawasumbua wenzake. Ya pili ikasema arudi akishasema. Ya tatu ilikuwa na matundu ya risasi ukutani na wanafunzi waliokalia matofali, na mwalimu wa mwaka wa kwanza alikuwa mwanamke mwembamba aliyepaza sauti kwa shida kwa sababu ya pumu. Alimtazama mudogo wangu akipanga vipande vya chaki kwa urefu wake. Akamwambia Mama ukweli: "Miye mwenyewe sijue namna ya kumufundisha. Lakini nafasi kwa benchi iko. Kesho mumulete."

Kengele ya shule ilikuwa gurudumu la chuma linalogongwa kwa nondo. Mwalimu yule alimshawishi direkta, mkuu wa shule, lisigongwe, na badala yake mwanafunzi mmoja akawa anazunguka madarasani akipeperusha kitambaa chekundu. Mama alikaa nyuma ya darasa mwanzoni, akisuka mikeka. Kamba ya Tate ikapata pacha wake shuleni. Jirani mshonaji, aliyekuwa naye amerudi, aligundua kuwa mishono ya shati inamkwaruza, akamshonea shati jeupe lenye mishono kwa nje, akalileta limekunjwa vizuri. Hakutaja mambo ya zamani, na Mama hakutaja. Alimuuliza tu kama kola haimbani.

Alikaa mwaka wa kwanza zaidi ya wenzake wote. Siku nyingine alikaa chini ya benchi. Mwalimu alimwacha, akamshushia kibao chake huko chini. Alimshika mkono juu ya mchanga, juu ya kibao, juu ya ubao, mpaka siku ikafika ambapo mkono uliendelea wakati yeye ameshauachilia.

Unajua proklamasyo zetu za mwisho wa mwaka, siku ya kutangaza matokeo, zilivyo. Ubao unatolewa nje, wazazi wamejaa uwanjani na vitenge vyao vipya, direkta anasoma majina, na kila mtoto aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani mpaka anafanana na mzimu, vigelegele, filimbi, ngoma ya debe. Mwaka ule Mama hakutaka twende. Alijua kelele zile zitamfanya nini. Mwalimu akamwambia aje tu, akae mbele.

Majina yakasomwa, furaha ikapanda. Kisha mwalimu akasimama mbele ya umati na ile sauti yake ndogo, akasema anayefuata masikio yake yanaumia haraka, basi anaomba tumsherehekee kwa mikono na si kwa vinywa. Direkta akasoma jina la mudogo wangu. Jina lake lote, la ukoo na la ubatizo. Na watu wa Bunia, rafiki yangu, watu ambao kwa miaka walikuwa hawajui kimya isipokuwa kile cha hofu, wakanyamaza. Ulisikia upepo kwenye mikaratusi.

Alitembea peke yake mpaka ubaoni akiwa na shati lake la mishono ya nje. Akachukua chaki. Mgongo kwetu, akaanza kuandika jina lake, herufi kubwa, zimesimama wima, na baada ya kila herufi aliigusa kwa kidole kabla ya kuandika nyingine. Alipomaliza, akaweka chaki mahali pake na kuisogeza kidogo ikae sawa.

Vitenge vikapanda juu. Uwanja mzima. Wanawake walivua vitambaa vya kichwa wakavipeperusha, wanaume kofia, watoto walikata matawi wakayatikisa, vinywa vimefungwa, machozi yanawatoka, na hakuna aliyetoa sauti. Mjomba alikuwa upande mmoja na ndugu za Baba upande mwingine, na mikono yao yote ilikuwa juu. Mshonaji alimwendea Mama, akammiminia kopo zima la poda kichwani, yeye mama, maana mtoto asingelikubali. Na mudogo wangu akageuka, akauona ule msitu wa rangi unaocheza bila kelele. Akatoa mmm yake, ndefu. Ndiyo sauti pekee iliyosikika.

Jioni tulikula kuku. Mama, nywele bado nyeupe, alituambia jambo ambalo hatukulijua: kwamba kila asubuhi tangu mtoto ana miaka miwili alikuwa akimwomba Mungu neno moja, moja tu, hata liwe dogo. "Sasa siombe tena ile," akasema. "Nilikuwa naomba kitu yenye haikosekani kwake." Kisha akamwongezea Tate mchuzi.

Mengi yamekwisha tangu hapo. Tate tulimzika kilimani, mvua ya Aprili ikinyesha. Mawe ya mashine yalichakaa, na Baba aliiuza kabla hajatuacha yeye pia. Kiwanja cha Bigo kina nyumba ya ghorofa ya mtu nisiyemjua, na pale palipokuwa na jikoni pamesimama gari. Mwalimu alihamishwa, yeye na pumu yake, na wengi tuliotembea nao kwenye barabara ya Komanda sijawaona tena. Siku hizi watu wa Djugu wanakimbia vita na kushuka tena mjini na magodoro vichwani, na ninapowaona huwa namtafuta kati yao mtoto asiyetazama usoni, na mara nyingine namwona, ameshikwa vizuri.

Mama anakaa nyumba ndogo sasa, yeye na mudogo wangu, ambaye ni mwanaume mrefu mwenye ndevu. Ndiye anayemwagilia bustani ya lengalenga, mchicha wetu, mstari kwa mstari, na majirani wananunua kwake kwa kuonyeshana vidole. Nilipofika na mfuko wangu begani hakunisalimu. Mama alipakua bugali na samaki, tukakaa. Mudogo wangu alisubiri nimalize kuomba baraka ya chakula, kisha akanyoosha mkono kwenye sahani yangu, akachukua kichwa cha samaki, kipande ninachokipenda kuliko vyote, na anajua, akakila polepole akitazama milima. Mama akacheka, akasema basi nimeshakaribishwa.